Dirisha la Chumba cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Hapa ninapoandika masikio bado yana moto.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Mwandiga kulala kwetu hapa Kasingirima, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Huyu mama ana neno lake juu yangu: eti mkwe wake ana mikono ya kushikia simu tu. (Ni kweli, lakini inauma.) Leo nilitaka alifute neno hilo. Tena Asha, mke wangu, alinifunda wiki nzima: kwao mkwe hamgusi mama mkwe. Unainama, unaamkia kwa mbali, macho chini. Nikasema hilo dogo.

Tatizo lilikuwa dirisha la chumba chake. Ni la chuma, la zamani, lile unazungusha mkono wake kwa ndani ndipo linasukumwa nje. Mimi nazungusha, lenyewe limetulia tu. Chumba kina joto balaa!

"Nimwite fundi?" Asha akauliza.

"Fundi wa nini? Mwanaume si nipo?"

Nikachomoa ule mkono, nikaenda nao mtaa wa Mwanga kwa jamaa anayeuza vifaa vilivyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Akaugeuzageuza.

"Kaka, mkono huu mzima. Kilicholika ni meno ya ndani. Kafungue kiboksi chake uniletee."

Nikarudi nyumbani, nikafungua skrubu. Kweli bwana, kigurudumu cha ndani kimekuwa kibogoyo. Nikaenda tena Mwanga, safari hii na kiboksi.

"Unataka mkono wa kulia au wa kushoto?" jamaa akaniuliza.

"Mimi? Natumia wa kulia."

Duka zima likalipuka kwa kicheko. "Wa dirisha, kaka! Linafungukia upande gani?" (Mama mmoja aliyefuata bawaba ilibidi akae chini.)

Basi nikapata kiboksi cha upande unaotakiwa, nikakifunga vizuri. Kikabaki kitu kimoja: kile chuma kinachosukuma dirisha kiingie kwenye njia yake, na njia yenyewe iko kwa nje. Dirisha halina nondo. Nikalala kwa tumbo juu ya kizingiti, kichwa na mabega nje. Sehemu iliyobaki ya mwili (mnaijua) ikabaki ndani, imeelekea mlangoni. Upepo wa ziwani unalivuta dirisha, nimelishikilia kwa mkono mmoja. Ili chuma kifike kwenye njia yake ilibidi nizungushe kidogo, na mkono wa kuzungushia upo kitandani nyuma yangu. Si neno, Asha yupo.

Asha hayupo. Ametoka kupokea mgeni, mimi sina habari.

Nikasikia nyayo. Nikanyoosha mkono nyuma.

"Nipe mkono!"

Kiganja kikapapasa hewa.

"Nipe mkono, wewe! Mama yako akinikuta hivi nimekwisha!"

Kitu laini kikatua kiganjani. Nikakivuta. Hakiji. Nikakivuta kwa nguvu. Mbona kina pete?

"Nimekupa, mwanangu," sauti ikasema. "Sasa unanipeleka wapi?"

Mungu wangu! Nataka kujichomoa, shati limenasa kwenye komeo. Adabu nayo inadai niamkie. Nikaamkia hivyohivyo, uso ukiwa nje: "Shikamoo mama!"

"Marahaba!" akaitikia jirani yangu aliyekuwa anaanika dagaa uani kwake.

Nyuma yangu Asha alikuwa ameshaanguka kwa kicheko, hafai kwa msaada wowote. Mama mkwe ndiye aliyeuona ule mkono wa chuma kitandani, akanipa, kwa mbali. Nikauchomeka, nikazungusha. Dirisha likafunguka lote, upepo ukaingia chumbani.

"Eh," mama akasema akikaa kitandani, "kumbe unaweza."

Siwafichi, nilifurahi. Nikatoka kwenda kunawa na kifua mbele.

Sasa nimekaa nje, chini ya dirisha hilohilo. Mama yuko ndani, amepiga simu kwao, anasimulia tangu mwanzo, na ameshafika kwenye pete. Dirisha liko wazi, hakuna neno linalonipita. Kwa hiyo nyinyi nawaomba msicheke: Mwandiga wanacheka kwa niaba yenu.