Jinsi Pankrasi wa Ruhuwiko Alivyooga Badala ya Mbwa

Sogeeni, enyi watu wa Ruhuwiko na Maposeni, nanyi mlio mbali hata Lusewa. Lazeni majembe chini, zimeni redio, mtege masikio. Sisimulii leo Vita vya Maji Maji vya manduna, wale majemadari wa Kingoni. Nasimulia habari za Pankrasi, mume wa Aurelia, dume la Ruhuwiko, aliyeoga maji ya baridi mwezi wa sita, saa moja asubuhi. Asiyeijua baridi ya Songea na acheke sasa, amalize.

Palikuwa na kikundi cha akina mama watengenezao sabuni ya parachichi, na Aurelia ndiye mwenyekiti wao. Juu ya kila kipande waliandika kwa fahari: "Inatoa povu hata kwa maji ya baridi." Mkaguzi wa ubora alikuwa Pankrasi, naye alikagua kwa mwili wa Popi, mbwa mwenye masikio yasiyolingana. Kila sabuni mpya ilipokauka, Popi aliburutwa kutoka chini ya kitanda, akamwagiwa maji, akasuguliwa, na Pankrasi, amevaa makoti mawili, akaandika daftarini: "Povu safi. Mteja hakulalamika."

Ikatukia kwamba duka moja kubwa la Dar es Salaam lilitaka kuinunua sabuni ile mwaka mzima, likamtuma Zuhura, binti wa Tunduru, mwenye kalamu isiyosamehe. Akalisoma daftari lote, akalifunga, akanena:

"Shikamoo, baba. Duka letu limeahidi kwamba hakuna mnyama atakayeteswa ili mtu apendeze. Si kwetu, si kwa anayetuuzia, wala kwa anayemuuzia anayetuuzia. Sabuni ijaribiwe kwa mtu mzima aliyeridhia. Bila hivyo, Mwenyezi Mungu ni shahidi, sitatia sahihi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Pankrasi, akamtazama mkewe, na mkewe alikuwa tayari anamtazama yeye.

"Mume wangu," akanena Aurelia, "miaka mitatu nimebeba parachichi kichwani kutoka Maposeni nikiingoja siku hii. Sisi ngozi zetu zimeizoea sabuni, hazitaonyesha kitu. Ngozi ambayo haijaiona tangu Pasaka ni yako, na majirani wote wanajua."

"Mimi si mwoga," akasema Pankrasi. "Nautoa mkono wangu wa kushoto."

"Popi mlimwosha mkono mmoja, baba?" akauliza Zuhura.

"Basi maji yachemshwe."

Akina mama waliinua kipande cha sabuni, wakamwonyesha maandishi.

Ee vilima vya Matogoro, mliotuma upepo asubuhi ile, semeni mlichokiona. Mababu zetu waliyategemea maji yawakinge na risasi; Pankrasi angeipokea risasi ili akingwe na maji. Alivua koti la kwanza, akavua la pili, akavua sweta, kama jemadari akabidhiye ngome zake moja moja, akaingia katika bafu la matete nyuma ya nyumba. Popi akamfuata, akaketi mlangoni. Kopo la kwanza lilipompiga mgongoni, shujaa aliwaita watakatifu wote aliowajua na wawili aliowabuni. Akajisugua. Povu likapanda, jeupe, likamfunika hata kidevuni, nao akina mama wakapiga vigelegele.

Hapo macho yake yakamwangukia Popi. Mbwa yule hakuwa ameguswa na tone, lakini alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa kuiona ndoo tu. Pankrasi akaona haya.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akamwambia taratibu.

Aurelia akamwita atoke, povu limeonekana, inatosha. Ikatoka sauti katika matete, meno yakigongana:

"Leteni ndoo ya pili. Popi tulikuwa tunammwagia mbili."

Alipotoka, ngozi yake ilikuwa nzima, haina upele wala wekundu. Zuhura akampa fomu, na chini kabisa paliandikwa: "Mimi niliyejaribiwa nimekubali kwa hiari yangu." Pankrasi aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akatia sahihi, na Zuhura akatia yake, na Aurelia akaketi chini akalia kwa furaha bila kujificha.

Basi na iandikwe, wajukuu waisome: mwaka huu, mwezi wa sita, Ruhuwiko, mtu alioga. Na koti lake la pili sasa amelilalia mbwa, wala hakuna anayethubutu kumwamsha.