Kanuni ya Umeme Ukikatika

Leo nimeaibika. Tena kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, nikaiandika mwenyewe, nikaibandika ukutani mwenyewe. Acheni niwaambie kabla hamjaisikia kwa Salma.

Mnajua tunacheza gemu ya mpira kwenye runinga pale kibandani kwetu Chang'ombe. Sasa kuna vibanda vingine viwili vinataka tuungane, kimoja Gulwe, kingine Mlali. Watu wazunguke, wachezee kote, mwisho wa msimu tujue nani mkali wa kweli. Tatizo ni pointi. Unampaje pointi mtu aliyepanda basi kutoka Gulwe kuja kwetu? Aliyemfunga bingwa na aliyemfunga mtu anayeshika pedi kwa mara ya kwanza, wapate sawa? Hili jambo limeninyima usingizi. (Mama anadhani nina mpenzi.)

Nikatunga mfumo. Ukishinda kwenu pointi tatu, ugenini nne. Ukimfunga aliye juu yako kwenye msimamo, zinazidishwa mara mbili. Nikaujaribu kwa mechi zetu za nyuma, nina hamu ya kuona nani atatokea juu. Nikatokea mimi. (Sikujipendelea. Nilirudia hesabu nikitumaini nimekosea. Sikutumaini sana.)

Zikabaki kelele mbili. Watu wanasimamisha mechi wakizidiwa, na umeme ukikatika kila mtu anasema alikuwa karibu kushinda. Mimi sina subira na mabishano. Nikaandika: hakuna kusimamisha mechi. Na umeme ukikatika kwa sababu yoyote ile, anayeongoza ndiye mshindi. Yale maneno "kwa sababu yoyote ile" nikayapigia mstari.

Asubuhi wageni wakaja kuukagua mfumo. Yohana, mwenye kibanda cha Gulwe, na Kaka Mussa wa Mlali, mtu mzima kidogo, haongei sana. Wakiridhika, ligi inaanza. Wakikataa, kila mtu anabaki na kibanda chake na mimi nabaki na karatasi yangu ya manila.

Kaka Mussa akasoma ukutani taratibu. "Hii ya umeme umeifikiria vizuri?"

"Vizuri sana, kaka."

"Haya. Tuone inavyofanya kazi."

Nikahitaji mtu wa kucheza naye. Salma alikuwa mlangoni anakaanga kachori. Ni binti wa Kondoa, wateja wakipungua huwa anaingia kucheza, na kwenye msimamo alikuwa katikati, hakuna anayemhofia. Nikamwita kwa ukarimu kabisa. Akafuta mafuta mikononi, akakaa, na hata hajakaa vizuri akanifunga. Bado nashangaa kipa wangu alikuwa wapi, tap, umeme ukakatika.

Yohana akageukia ukutani. "Kwa sababu yoyote ile," akasoma.

"Asante," Salma akasema, akarudi kwenye kachori zake. Pointi sita kwa mpigo. Akapanda mpaka wa pili, nyuma yangu tu.

Mtu mwingine angelalamika. Mimi nilitaka kujua. Kwa nini umekatika kwetu, wakati redio ya fundi viatu ng'ambo inaimba? Nikafuata nyaya. Kumbe breka, ile swichi kuu ya umeme, tunachangia na saluni ya Mama Upendo, ukuta kwa ukuta. Nikamkuta anamtoa mteja kwenye ile draya ya kofia, analalamika imezima. Nikapandisha breka, na akili ikapanda nayo. Runinga zetu zote zikiwaka, halafu draya ikawashwa, breka inaruka. Ugunduzi mkubwa. Nilikusudia kuwaambia wageni. Baada ya marudiano.

Marudiano, Salma akaja anatafuna. Nikamfunga mapema, moja bila. Lakini vidole vyake leo vilikuwa na moto, nikaona wazi simzuii mpaka mwisho. Na akinifunga tena, anakuwa wa kwanza, mbele ya wageni, mbele ya mtunzi. Nikaweka pedi kwenye kiti.

"Unaenda wapi?" Yohana akauliza.

"Chooni. Mechi iendelee."

(Haisimamishwi. Kanuni ni kanuni.)

Mpango wangu: naingia saluni, nabonyeza, breka inaruka, nimeshinda. Nilichosahau ni kwamba saluni ina mwenyewe, na mwenyewe ana umri wa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa." Mama Upendo ni Mgogo wa Mpwapwa, kwake salamu haikatwi katikati. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mguu wake?"

"Umepona. Mama, naomba uwashe draya."

"Na bibi yako kule, mvua wamepata?"

Kupitia ukutani nikasikia shangwe. Nikajua wananishangilia mimi. (Pedi yangu iko kwenye kiti. Wananishangilia kwa lipi? Hilo swali sikujiuliza, na mimi ndiye mtu wa maswali.)

"Wamepata, mama. Draya."

Akanitazama kichwani. Juzi nimenyoa kipara. "Unakausha nini?"

"Jasho."

"Siwashi mashine ikaushe hewa. Kaa."

Nikakaa. Akanifunga taulo shingoni, akanishushia kofia mpaka kwenye nyusi. Shangwe nyingine ukutani. Akabonyeza. Tap.

Nikatabasamu mle ndani ya kofia. Nilikuwa bado natabasamu Yohana alipotokea mlangoni, nyuma yake Kaka Mussa, nyuma yake Salma na pedi mkononi.

"Kumbe ndiyo choo hiki," Yohana akasema.

"Nimeshinda," nikasema kutoka chini ya draya. Ndilo neno pekee lililokuja.

"Nani?" Salma akauliza. "Mimi naongoza mbili moja. Timu yako ilisimama kama inaimba wimbo wa taifa."

Kaka Mussa hakucheka, na hiyo ndiyo iliniumiza. Akaitazama draya, akafuata waya kwa macho mpaka ukutani, akatazama kipara changu. Nikamwona anaelewa kidogo kidogo. Ningefurahi kumtazama, kama kipara kingekuwa cha mtu mwingine.

"Deo," akasema, "pointi zako ziko sawa. Aliyekuzidi amekupita, hata kama mtunzi ni wewe. Tunaingia."

Moyo ukarudi mahali pake.

"Ila kanuni ya umeme ataitunga Salma. Na wewe ukicheza, mlango unafungwa."

Salma akaitunga pale pale kwenye benchi la saluni: umeme ukikatika, mechi inarudiwa. Basi. Hakupiga mstari popote. Akaongeza kwamba ya leo haihusiki, imeshapita. Wote wakakubali, hadi Mama Upendo, ambaye gemu haijui kabisa. Mimi nilipotaka kuinuka akanibonyeza begani. "Tulia, umeme ukirudi nimalizie."

Kwa hiyo ligi ipo, na mimi ni wa pili. Nilichojifunza: ukitaka kuiba ushindi kwa haraka, usipitie kwa mtu anayejua mguu wa mama yako.

Naomba msicheke. Na kama lazima, msichekee saluni. Ule ukuta unapitisha kila kitu, na mimi niko upande wa pili naandika msimamo upya, naanza na jina la Salma.