Seva Yangu na Majukumu Yake Yote

Jumatatu, 4 Agosti, Klaten
Seva imefika! Kiwanda cha uchapaji nilicholinda miaka thelathini kimefungwa, bosi kanipa. Haina picha wala kipanya. Kioo cheusi, maandishi basi. Wengine wangekimbia. Si mimi Dirjo. Nimemwambia Bu Lastri, mama mwenyekiti wa mtaa, mkutano wa Ijumaa uwe kwangu. Picha zetu za zamani zitaingia kwenye simu ya kila mtu. Tangu mke wangu Sutarmi afariki, mkutano unazunguka nyumba zote, kwangu unapita tu. Akasema haya Mbah, yaani babu, ikiwa inafanya kazi kufikia Alhamisi, tunakuja. Pak Gunardi, mwalimu mstaafu, akacheka mpaka akakohoa. Atanitambua!

Jumanne, 5 Agosti
Seva imefutwa yote, haijui kitu. Lazima uipe majukumu, moja moja, kwa kuandika amri. Bahati nzuri fundi wa kiwandani alibandika karatasi ya amri ubavuni. Naandika kwa kidole kimoja. Maandishi mekundu. Tena mekundu. Kumbe nimeruka kistari! Saa tisa alasiri jukumu la kutunza mafaili likapanda hadi asilimia mia. Nikapiga ukelele, nimeweza! Kuku akageuka kunitazama. Hakuna mwingine.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeita orodha ya majukumu. Moja lina alama, mengine mabano matupu. Aibu gani hii! Mtaani kwetu kukiwa na harusi, kila mtu anapewa kazi kwenye kamati. Hata Pak Tukijo asiyesikia ndiye msimamizi wa vipaza sauti. Ukimwacha mtu nje, atanuna mwaka mzima. Mimi niyaache majukumu yamekaa bure? Nikayaweka yote! La kuzigawia simu anwani za mtandao likataka namba. Nikanakili zile za kiwandani, kama zilivyo kwenye karatasi. Gunardi akachungulia uani: "Mbah, we! Weka hilo la mafaili tu. Mtaa mzima tunatumia intaneti moja, wagawa anwani wakiwa wawili simu zitachanganyikiwa." Nikamwambia akafundishe watoto. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti
Intaneti ya mtaa imekufa tangu asubuhi. Simu zikiomba anwani, seva yangu inawahi kuzipa za kiwandani, zisizofaa hapa. Inawahi! Ona nguvu hiyo! Wakaja kwangu wote, wamevimba. Bu Lastri batiki zake hazijapata mteja hata mmoja mtandaoni. Mmoja akaniita Mbah Balaa. Lakini baraza lilijaa! Ndala tele mlangoni, kama siku ya hitima ya Sutarmi. Nikawaambia kaeni, kaeni jamani, nachemsha chai. Nyuma yangu Gunardi akachomoa waya wa mtandao wa seva, simu zikapona. Narudi na sinia, hakuna mtu. Glasi kumi na moja. Nimekunywa mbili.

Ijumaa, 8 Agosti
Mkutano umefanyika kwa Gunardi. Sikwenda. Vicheko vimefika hadi hapa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefikiri sana. Kosa si langu. Gunardi alichomoa waya kabla chai haijaiva. Kwa hiyo leo nimechemsha kwanza, nikapanga viti, nikavaa shati la Idi. Ndipo nikaurudisha waya. Sasa namsikia Bu Lastri njiani anafoka, ni yule mzee tena, twendeni wote!
Wote, kasema.