Habari za Lanyau Kinyozi na Samaki Aliyelisha Nyumba Nzima

Sogeeni, mlio karibu na mlio mbali. Anayetwanga mpunga na auweke mchi chini, anayelisha majogoo na akaze kamba zao, maana nina habari ya kunena, wala si habari ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitanena vita vilivyopiganwa kwenye mlango wa kijito cha Sengayoh, baina ya mtu na samaki, mahali pasipokuwa na shahidi isipokuwa nyani. Kisha nitanena jinsi mtu yule alivyosimama mbele ya baraza la wawindaji akatamka neno ambalo baraza lile halikupata kulisikia tangu nguzo zake zisimikwe. Habari za baraza sikuhadithiwa. Nilikuwapo, nimeketi mlangoni pangu nikisuka mkeka.

Mtu huyo ni Lanyau mwana wa Empaling, Lanyau wa mkono mwepesi, bingwa wa mkasi na wembe, ambaye wanaume wa mji wa Sibu, wakubwa kwa wadogo, walimwinamishia vichwa na kumnyooshea koo pasipo kudondoka tone la damu. Alimwoa Rimbu, binti wa jirani yangu Baba Mancha, akahamia kwetu huku juu ya mto, kwenye nyumba yetu ndefu, ambamo ukoo mzima hukaa chini ya paa moja, mlango kwa mlango, na mbele ya milango yote limepita baraza moja. Alitunyolea wazee bila malipo, akaziba mabati yanayovuja, akapalilia pilipili manga ya mkwewe. Lakini msitu ulimkataa. Nguruwe-mwitu walipita nyuma yake alipotazama mbele, na mbele yake alipogeuka nyuma. Kimia alichokirusha mtoni kilimwangukia mwenyewe kichwani. Samaki walikila chambo chake wakaenda zao wamenenepa.

Na desturi yetu ni hii: watu wakirudi mawindoni, huketi barazani wakasimulia kwa zamu waliyoyaona, na asiye na cha kusimulia ndiye azungushaye jagi la tuaki, ile pombe yetu ya mchele. Lanyau alikuwa na jagi lile mkononi tangu arusi yake.

Shemeji yake, Mancha, ndiye aliyekuwa mbabe wa baraza: Mancha wa sauti ya radi, mwangusha madume, ambaye nguruwe wake huendelea kukua miaka mingi baada ya kuliwa.

Basi ikawa, baada ya mavuno, wakati matunda ya msituni yanapoanguka na wanyama wanapoyafuata, Baba Mancha aliutengeneza mtumbwi wake wa mashine. Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi za mtoni, naye hakupunguza sauti.

"Lanyau, leo ni mara ya mwisho kukupakia," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Mtumbwi wangu ni wa mawindo, si wa abiria. Kudi ananiomba nafasi yako, na Kudi angalau anajua kurusha kimia."

"Sawa, baba," alijibu Lanyau.

Alirudi ndani kuchukua kofia. Rimbu alimfuata, na kwa kuwa kuta za nyumba yetu ni mbao tu, niliyasikia yote bila kujitahidi.

"Mwache mzee aseme," alisema Rimbu. "Mimi sikuolewa na samaki."

"Najua. Lakini watu wanakusema."

"Nani ananisema?"

"Nilisikia jana. Walikuuliza kama mumeo huwa anaingia msituni na taulo la kunyolea."

"Aliyeuliza ni mke wa Kudi. Na Kudi unamnyoa ndevu wewe. Siku ukimfikia kooni, mkumbushe."

Lanyau hakucheka. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilipomwona anashuka ngazi, alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kuhojiwa kituoni.

Wakapanda mto. Walipofika mlango wa Sengayoh, Baba Mancha na Mancha waliteremka na bunduki zao.

"Wewe linda mtumbwi, shemeji," alisema Mancha. "Na ukae hapo hapo. Tusije tukarudi tukaanza kukuwinda wewe."

Wakamezwa na miti. Na hapo ndipo vilipoanza vita ninavyovinena, nami nitavinena kama alivyovieleza mwenyewe, kwa kuwa kinyozi huyu hana uwongo, jambo ambalo mtaliona karibu hivi lilivyomponza.

Alikuwa na ufito wa mwanzi, mshipi, na ndoana ndogo kama kucha ya paka. Alimshika panzi, akamwomba radhi, akamtunga. Akatupa. Maji yakanyamaza. Jua likapanda juu ya miti, jasho likamshuka Lanyau kutoka paji la uso hadi kidevuni, wala hakulifuta, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imekwisha kuapa kutouachia ufito. Ghafla mshipi ukakaza. Alidhani ni jiwe. Lakini jiwe lile likaenda kushoto, kisha likaenda kulia, na moyo wa mwana wa Empaling ukamgonga mbavuni kama mtu anayedai kufunguliwa. Akavuta. Adui naye akavuta. Ufito ukajipinda, si sana, ila ulijipinda. Mtumbwi ukayumba, akapiga goti moja, akapiga la pili, akauinua ufito kama mtu anayesimika bendera katika nchi aliyoiteka. Na adui akaruka kutoka majini, akang'aa juani, akaachana na ndoana hapo hapo hewani, akaanguka ndani ya mtumbwi, kwenye maji machafu chini ya mbao.

Wanaume wangapi wangemwacha? Lanyau alijitupa kifudifudi. Alimkosa kwa mkono wa kuume, akamkosa kwa wa kushoto, akapigiza kidevu chake kwenye tangi la petroli, na mwisho akamfunika kwa kofia na kuilalia kofia kwa kifua, akihema, hadi alipohisi chini yake kwamba vita vimekwisha. Kisha akamfunga katika jani, akamtia katika mfuko wa shati, juu ya moyo.

Wale wawindaji walirudi mchana, wamelowa, wamechanika, mikono mitupu. Risasi ya Mancha ilikuwa imeingia unyevu. Alifyatua, ikalia kama kikohozi, na nguruwe akaondoka kwa hatua za kawaida. Mtumbwi ukateremka na mto bila mtu kumwuliza Lanyau lolote. Naye, kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

Alasiri mvua ilinyesha juu ya mabati, na baraza likaketi. Mancha akasimama, akafungua mikono.

"Enyi wazee wangu, mimi leo nimemwona aliye baba wa nguruwe wote," alinena. "Mgongo wake una majani yaliyoota. Alipopumua, miti iliinama. Nilimlenga katikati ya macho, na umbali kati ya jicho na jicho ni kutoka kwangu hadi kwa Babu Saong. Bunduki ilimwogopa, si mimi. Bunduki ndiyo iliyoingiwa na baridi."

"Nilikuwa nyuma yake," alithibitisha Baba Mancha. "Alikuwa mkubwa." Kisha naye akasimulia habari za samaki wa mwaka wa juzi aliyeukata mshipi wake, na mwaka huu samaki yule alikuwa amerefuka kwa kiasi cha kutosha.

Ndipo Lanyau akaliweka jagi chini.

"Nami nina neno," alisema.

"Tuaki imekwisha?" aliuliza Mancha.

"Haijaisha. Nimevua samaki."

Babu Saong, mkuu wa nyumba yetu, mwenye kutoa hukumu katika ndoa na mipaka ya mashamba, alitoa sigara kinywani.

"Mkubwa kiasi gani, mjukuu wangu?"

Wasikilizaji wangu, hilo ndilo swali ambalo mbele yake wanaume wote wa mto huu wameanguka. Likishaulizwa, mikono hufunguka yenyewe. Lanyau aliinua mkono mmoja tu, akaonyesha kidole.

"Kama hiki."

"Unene?" aliuliza Mancha.

"Urefu."

"Urefu wa kichwa, labda."

"Wote, shemeji. Kuanzia mdomo hadi mkia."

Hapo fadhaa ikaingia barazani. Maana kama apataye samaki wa shubiri moja husema amepata wa mkono mzima, basi huyu anayesema kidole amepata nini? Watu walitazamana. Kudi alisogea mbele. Mancha alikuja akachuchumaa karibu na Lanyau na kumshika bega, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia:

"Umegundua kidimbwi. Ni kidimbwi, si ndiyo? Sisi ni ndugu, bwana. Niambie mimi peke yangu."

"Hakuna kidimbwi."

"Baba, huyu anatuficha."

"Nilikuacha mlangoni mwa kijito," alisema Baba Mancha, na macho yake yalikuwa yamepata uhai ambao sikuuona siku zote. "Ulihama?"

"Sikuhama, baba."

"Basi fungua mikono useme kweli. Hapa hakuna askari wa msitu."

"Kweli ni hii," alisema Lanyau. Akatoa lile jani mfukoni, akalifungua sakafuni.

Vichwa vikainama. Babu Saong aliomba aletewe miwani. Akatazama kwa muda wa mtu anayesoma hati ya kesi.

"Ni samaki," aliamua.

"Ni chambo," alisema Mancha.

Kicheko kilichopasuka kiliwatoa watoto milangoni na kuwaamsha majogoo. Lanyau aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Akaanza kulikunja jani lile taratibu, kama afungavyo wembe baada ya kazi. Nikaona mkono wake mwepesi umekosea mkunjo, ukaanza upya, na mimi, ambaye nilikuwa nacheka, nikaacha.

Rimbu alikuwa amesimama mlangoni kwao na mwiko.

"Kama huyo ni chambo, kaka," alisema, "nguruwe wako tumweke kwenye chungu gani?"

Kicheko kikageuka upande, kikamwendea Mancha. Yeye akauficha uso ndani ya kikombe chake. Ndipo Babu Saong akainua mkono.

"Sikilizeni. Babu zetu walipojenga nyumba hii waliweka sheria: windo la kwanza la mwanamume huliwa na milango yote, asibaguliwe mtu. Hawakutaja ukubwa. Wangetaka kutaja wangetaja, kwa maana walikuwa watu wa maneno mengi. Leo wawindaji wametoka na bunduki, na nyama iliyoingia nyumbani humu ni hii. Mama Mancha, mgawe."

Mama Mancha alikuja, akamtazama samaki, akamtazama Babu.

"Nimgawe na nini, Babu? Na sindano?"

"Hilo ni la jikoni. Mimi nimemaliza la sheria."

Mama Mancha ni mwanamke asiyekataa kazi. Alishusha chungu kile cha sherehe, kinachobebwa na watu wawili, akakijaza maji, akamtumbukiza yule samaki mzima mzima, na hakuna aliyesikia akianguka. Kisha akapita mlango kwa mlango akidai. Mlangoni pangu nilimpa machipukizi ya mianzi. Mwingine alitoa tangawizi, mwingine boga, mwingine mayai, mke wa Kudi akatoa pilipili na ukimya. Jioni, mvua ilipokatika, tuliketi barazani nyumba nzima, kila mtu na bakuli lake na wali wake, tukaanza kumtafuta.

Tulimtafuta kwa heshima. Mtu alikoroga, akachungulia, akanywa kidogo, akatafuna kwa uangalifu. "Mimi nimepata tangawizi," alisema Mancha. "Nilidhani ndiye." Lanyau hakula. Alikuwa amelishika bakuli kwa mikono yote miwili, anatutazama vinywa vyetu.

Baba Mancha akakohoa.

Alikohoa tena, akatia vidole kinywani, akavuta kitu chembamba kama unywele. Watu wote waliacha kutafuna. Akakiinua kwenye mwanga wa taa, akakigeuza huku na huku. Sakafu yetu ina nafasi kati ya mbao, na kuku hungoja chini. Angeweza kukidondosha, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alikiweka juu ya ukingo wa bakuli, polepole, mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Mwiba," alisema.

Akanywa supu kidogo. Akafuta mdomo.

"Kudi, ndugu yangu, tafuta mtumbwi mwingine."

Kisha akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu arusi alimwuliza swali la mvuvi kwa mvuvi. "Ulitumia chambo gani?"

"Panzi, baba."

"Wa kijani au wa kahawia?"

"Wa kijani."

"Mm," alisema Baba Mancha, naye akasogea kidogo upande, ili pawe na mahali pa kukaa. Lanyau akaenda akaketi, na sasa akaanza kula, na Rimbu akaingia ndani ghafla kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Basi watakaokuja baada yetu na wajue, na wasije wakaambiwa vingine na watu wa mto wa chini: katika mwaka ule wa mavuno mazuri, nguruwe alipowashinda wenye bunduki, nyumba yetu, kutoka mlango wa juu hadi mlango wa chini, ilikula samaki wa Lanyau mwana wa Empaling, ikashiba, na kesho yake asubuhi tukapasha moto supu iliyobaki.