Plutoniamu ya Gesti

Profesa, cheo alichojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna anayejitokeza kumpa, alikuwa akinyoa ndevu gestini aliposikia mwenye gesti akilalamika koridoni kwamba maji ya moto ya wageni yanakula umeme kama mchwa. Wembe ukasimama shavuni. Uani, chini ya turubai, lilikuwepo gari la marehemu mume wa yule mama mwenye gesti, ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Profesa alikuwa akilimezea mate tangu siku aliyofika.

Kesho yake akatua ofisini kwa Shangazi na sanduku, glovu, na uso wa msibani.

"Shangazi, funga mlango. Hii ni plutoniamu."

"Inaliwa?"

"Inapasha maji! Chuma hiki kina joto lake chenyewe. Vyombo vinavyotumwa anga za mbali, kule jua lisikotosha, vinapata umeme kwa joto lake. Tutazikwa sisi, watazikwa wajukuu, chenyewe bado kina moto. Unatumbukiza kwenye tangi, basi."

Akafunua. Lilikuwa pande la madini ya risasi ya kawaida, zito, la kijivu, lililotoka kuchemshwa kwenye birika. Shangazi akaligusa.

"Mama yangu, lina homa! Unataka nini?"

"Kwa wengine, mamilioni. Kwa shangazi yangu, kile kigari cha uani kinatosha."

"Na halina madhara?"

Hapo Profesa, kama mpishi mwenye mkono mzito, akazidisha chumvi. "Miale yake hata karatasi inaizuia. Ila vumbi lake! Ukilivuta tu, mapafu kwaheri. Nguo, viatu, chochote lilichogusa huzikwa. Mimi nimelisomea."

Shangazi akaagiza chai. Profesa, aliyeipenda sauti yake kuliko ndugu zake, akahubiri mpaka chai ikapoa kama maji. Shangazi akapitisha kitambaa mezani kana kwamba anafuta vumbi, akaligusa tena lile pande. Baridi kama pua ya mbwa.

"Ngoja nikalete funguo, mwanangu."

Alirudi na wanaume wawili wenye barakoa, mabuti ya mpira na mabomba mgongoni. Walikuwa wapiga dawa ya kunguni, ambao Shangazi ametoka kuwanong'oneza ghorofani, lakini walisimama kwa heshima ya serikali nzima.

"Hawa ni watu wa mionzi," Shangazi akasema kwa huruma. "Umelibeba mikononi, siwezi kukuacha ufe."

"Vua," akasema mmoja.

"Jamani, mimi mzima!"

"Wote husema hivyo, halafu tunawazika."

"Au si plutoniamu?" Shangazi akauliza polepole. "Maana kama siyo, kituo cha polisi ni hapo ng'ambo."

Profesa akautazama mlango, akayatazama mabomba. Elimu ilikuwa imemkaba koo.

"Ni plutoniamu," akasema.

Ikatoka suti, vikatoka viatu vya ngozi, ikatoka saa, ikatoka pochi iliyonona.

"Na jino la dhahabu?" akauliza wa pili.

"Mwachieni, atatafunia nini?" Shangazi akasema.

Profesa akasukumwa hadi getini, amejifunga shuka kifuani kama bibi harusi aliyekimbiwa.

"Shangazi, sasa nitaendaje hivi?"

"Taratibu, mwanangu. Na hilo shuka ulirudishe. Halina mionzi, ni la gesti."