Sahani za Zuwena na Mashine ya Seifu

Jumatatu, 8 Septemba

Mashine ya kuoshea vyombo imekufa. Saa mbili asubuhi, ikiwa na sahani sita tumboni. Ilinguruma, ikakohoa, ikatoa moshi mwembamba, kisha kimya. Nikaipiga bega mara mbili kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu, Zuwena. "Haya mwenzangu, fanya kazi." Kimya. Nikaipiga mara ya tatu. Mlango ukabaki mkononi mwangu.

Miaka tisa imekuwa jikoni kwetu. Zuwena alimpikia mhandisi wa maji kule Ruvu, na mhandisi alipomaliza mkataba akamwachia. Nusu ya Mkuza, mtaa wetu, ilikuja kuitazama. Kila jioni Zuwena aliiwasha, akafunga mlango wa jikoni na kunionya nisiingie, mvuke wake unababua. Kwa saa moja na nusu anakaa nayo peke yake, anailinda. Mwanamke jasiri!

Tangu atutoke, mwaka sasa, mashine imekuwa ikiosha ovyo. Sahani zinatoka za moto, na yai lake palepale. Sikuilaumu. Hata mimi sifanyi kazi vizuri tangu siku ile.

Adhuhuri akapiga simu shemeji Mwanaamina, dada mkubwa wa Zuwena, kutoka Kisarawe. Jumapili ndiyo hitima ya mwaka, atakuja na akina mama wenzake. Akakumbusha pia suala la sahani. Zile nyeupe za maua ya samawati, seti ya mama yao, alizokuja nazo Zuwena siku ya harusi. Zilikuwa thelathini na sita. Nimevunja nne. Vipande nimevitunza kwenye kopo la biskuti, lakini hilo halikumfurahisha alipokuja Ramadhani. Wala yai halikumfurahisha. Akasema Jumapili atazikagua moja moja, na asiporidhika zinarudi Kisarawe siku hiyohiyo.

Nikamjibu asiwe na shaka, kila kitu kiko sawa. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya mashine.

Kuosha kwa mkono siwezi. Zuwena mwenyewe aliniusia hospitalini: "Sahani za mama usiziguse wewe. Iachie mashine." Huo ni wosia. Lazima ipatikane mashine nyingine kabla ya Jumapili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda mtaa wa Picha ya Ndege kwa Seifu, kijana anayeuza vitu vya ndani vilivyotumika. Nilitaka kubeba sahani moja ya kupimia, lakini sikuthubutu kupanda nayo bodaboda. Nikachukua kisahani cha chai cha seti hiyohiyo, nikakizungushia khanga ya Zuwena. Akili!

Seifu alinipa shikamoo, na kiti chenye miguu mitatu. Anazo mashine mbili. Moja kubwa, kimo cha friji ndogo. Nyingine ya kuweka mezani, kama televisheni ya zamani. Ile kubwa aliisifu mpaka mate yakamkauka. Hii ni chuma, mzee wangu, ukiiwasha hapa hata jirani anatakata. Nikauliza kama ameijaribu. Akasema ameijaribu kwa macho.

Kisahani kiliingia kwenye zote mbili, kikabakiza nafasi. Vizuri sana. Nikaamua kuchukua kubwa, lakini sikusema. Mnunuzi anayesema siku hiyohiyo hadharauliwi na Seifu tu, hata bodaboda anamcheka. Nikamwambia nitafikiri.

Jioni nilimsimulia jirani yangu Onesmo kupitia ukutani. Onesmo anafanya kazi ofisini Dar na kila jioni hurudi na kitu kipya mkononi, anakibeba taratibu ili tukione. Leo nilimwona akimeza mate. Nilimweleza kwa kina: ukubwa, rangi, hata mahali ilipoegeshwa. Nimelala na furaha.

Jumatano, 10 Septemba

Mashine kubwa imeuzwa! Jana hiyohiyo baada ya magharibi. Seifu akasema amekuja mzee mmoja wa shati la mikono mirefu, hakuuliza chochote, akaenda moja kwa moja ilipo.

Nimerudi nikakuta bajaji inashusha mzigo kwa Onesmo. Akasema sisi wawili tuna mawazo yanayofanana, ni jambo la kushukuru. Sikushukuru.

Nimechukua ndogo. Kisahani si kiliingia? Seifu amenifariji kwamba ndogo ndiyo ya kisasa, wakubwa wote sasa wanahamia kwenye ndogo. Alinisaidia kuifunga kwenye bajaji kwa kamba ya katani. Njia nzima nimeikumbatia. Mwanamke mmoja Mkuza akanipa pole.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana maji yalikatika, sikuweza kuijaribu. Leo baada ya swala yamerudi. Nimeiunganisha, nimesema bismillahi, nimechukua sahani ya kwanza.

Haiingii.

Nikaigeuza. Haiingii. Nikailaza, nikaisimamisha, nikazunguka nyuma ya mashine kana kwamba kuna mlango mwingine. Mama yao alinunua sahani pana, watu wa zamani walikula. Visahani vya chai vinaingia vinane. Nimeviosha vyote vinane. Vimetakata kama meno ya mtoto. Hakuna atakayekuja kukagua visahani.

Nimefikiri mpaka alasiri, na mpango ukaja. Sahani zitakwenda kwa Onesmo kwa siri, zioshwe kwenye mashine yake, zirudi kabla shemeji hajafika. Nimemwendea. Ilinibidi nizungumze na uso wangu kwanza, ukae vizuri. Amekubali kwa masharti mawili: aletewe sinia zima la pilau, na niseme mbele ya watu kwamba mashine yake haina mpinzani Kibaha nzima. Pilau nimekubali haraka. La pili limeniuma hadi kisigino.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepitisha sahani zote thelathini na mbili juu ya ukuta, kila moja ndani ya khanga. Khanga za Zuwena zilitosha kabisa, na tatu zikabaki. Alikuwa akisema khanga hazizidi. Onesmo alipokea upande wa pili kama mkunga. Hakuna iliyovunjika!

Tukazipanga, tukafunga mlango. Kikabaki kitu kimoja: sabuni. Onesmo akasema mashine yoyote ya kufulia au kuoshea ni ukoo mmoja, akamimina sabuni ya unga. Nikauliza kama kikombe kizima si kingi. Akasema sahani ni nyingi.

Dakika kumi nzuri sana. Kisha povu. Lilianzia mlangoni mwa mashine kwa heshima, likavuka jiko, likashuka ngazi, likamkuta bata uani. Onesmo akasema povu jingi ni dalili ya nguvu. Mkewe Stellamaris akatoka sebuleni na ndara mkononi. Akasema yeye ameolewa na mwanamume mmoja, sasa kwa nini anawaona wajinga wawili. Akazima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Akatoa sahani zote nje, akazitia kwenye mabeseni mawili chini ya mgomba, na kutuambia kila mtu akashike lake.

Nilitaka kuzirudisha papo hapo. Onesmo akanizuia. Kesho asubuhi Stellamaris anakwenda kanisani, ibada ya kwanza, na mashine itapata nafasi ya kujitetea. Nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali. Zilikuwa zinateleza.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima, sahani zikabaki kwa Onesmo. Saa nne wakafika.

Gari la kukodi kutoka Kisarawe, akina mama kumi na mmoja, na juu ya paa masinia. Masinia! Bila shaka masinia. Nimehudhuria hitima tangu nikiwa na meno ya utoto, na siku zote tumekula watu watano sinia moja. Sijawahi kuona sahani kwenye hitima. Wiki nzima nimekimbizana na sahani ambazo hakuna ambaye angezilia. Na sinia haliingii kwenye mashine yoyote, ya Onesmo wala ya mfalme.

Kisomo kikasomwa. Lilipotajwa jina la Zuwena nilitazama mkeka. Pilau likaliwa. Nikaanza kuamini kwamba shemeji amesahau.

Hakusahau. Aliingia jikoni, akafungua kabati. Tupu. Akafungua la pili. Visahani vinane, vinang'aa. Akageuka, na uso wake haukuwa wa ukali niliouzoea. Akaniuliza polepole kama nimezigawa. Nikasema zimepumzika. Akauliza tena, sauti imepungua. Zilikuwa sahani za mama yake, akasema, na mdogo wake alizilia chakula.

Nilifungua mdomo. Hapo, nje ya dirisha, kichwa cha Onesmo kikachomoza juu ya ukuta, kikauliza kwa sauti ya mnada: "Mzee Kitwana! Hizi sahani nizilete sasa au tungoje dua iishe? Bata wameshaanza kuogelea!"

Akina mama wakageukia ukuta. Kisha mmoja akacheka, na wote wakafuata. Shemeji hakucheka.

Sahani zimerudi juu ya ukuta, moja moja, bila khanga, mbele ya watu wote. Nikasema pia, kwa sauti, kwamba mashine ya Onesmo haina mpinzani. Ahadi ni ahadi. Walicheka zaidi.

Shemeji akavuta kigoda, akaniwekea kingine. Akaleta beseni, dodoki na sabuni ya kipande. Akaniambia nikae. Nikamweleza kuhusu wosia, kwamba Zuwena alinikataza, kwamba kazi ni ya mashine.

Akatia dodoki majini. Akasema: "Shemeji, mashine ile iliacha kuosha mwaka wa pili tu. Ilibaki kunguruma na kuchemka."

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Zuwena aliosha vyombo kwa mkono, dakika ishirini. Kisha aliiwasha mashine ingurume, akafunga mlango, akajimiminia kahawa, akampigia yeye simu. Kila jioni, miaka saba. Nikauliza walikuwa wakizungumza nini. Mengi, akasema. Nusu yake ni wewe. Siku moja Zuwena aliniambia umevaa kandambili za pea mbili tofauti ukaenda hivyo msikitini, na hakukuambia kwa sababu ulikuwa umependeza.

Nilikuwa sebuleni siku zote hizo. Nilikuwa nikimwonea huruma kwa mvuke.

Nikaosha. Yeye akasuuza. Thelathini na mbili. Aliinua kila moja kwenye mwanga na kuigeuza, na mbili akanirudishia. Hakuna iliyovunjika. Ya mwisho aliishika muda mrefu kuliko nyingine, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaiweka kabatini kwangu. Kwangu!

Lakini kwa sharti. Tangu Zuwena aondoke, jioni simu yake hailii. Basi kila Jumapili saa kumi atanipigia mimi, niiweke simu karibu na beseni, naye anataka kuzisikia sahani zikigongana. Siku asiposikia, anakodi gari.

Nimesema sawa, shemeji. Wosia nimeuelewa sasa. Mashine inatakiwa ingurume tu.

Jumapili, 21 Septemba

Ni siku ya simu ya kwanza, na nimejiandaa kuliko mtu yeyote Kibaha. Shemeji anataka kusikia sahani. Hakusema lazima nizioshe saa hiyo! Jana jioni nimerekodi kwenye simu ya Onesmo. Ili sauti iwe ya kweli ilinibidi kuosha sahani zote thelathini na mbili kwa mkono, taratibu, nikizigonganisha kidogo. Dakika ishirini na mbili. Zilitakata sana, nikazipanga kabatini. Hilo ni jambo la pembeni. La maana ni kwamba sasa sitaosha tena Jumapili yoyote.

Saa kumi kamili amepiga. Nikaiweka simu ya Onesmo karibu na yangu, nikaketi kwenye kiti cha Zuwena na kahawa. Sahani zikagongana vizuri. Shemeji akanisimulia habari za mihogo, za goti lake, za Zuwena akiwa na miaka sita kajificha ndani ya pipa. Nikacheka. Kahawa ilikuwa tamu.

Dakika ya kumi na nane, ikasikika adhana ya magharibi.

Shemeji akakatiza hadithi. Akauliza kama Mkuza siku hizi jua linazama saa kumi na robo. Nikasema ni mawingu. Akaanza kucheka, kicheko kile kinachoanzia puani, cha Zuwena kabisa, nikaishika simu kwa mikono miwili ili kisinipite. Kisha akaniambia niende nikachote maji, yeye anangoja.

Nimeziosha tena. Mara ya pili ndani ya siku mbili. Sahani safi!

Kosa nimeliona. Ni muda. Jumamosi ijayo nitarekodi saa nne asubuhi, madirisha yamefungwa, na bata wa Stellamaris wapelekwe mbali.