Ndege Asiyeonwa na Mwenyekiti

"Umma unaarifiwa kwamba, kuanzia hesabu ya ndege ya majira haya ya baridi, ndege yeyote adimu ambaye Mwenyekiti hajamwona kwa macho yake atahesabiwa kuwa hakuja."

Tangazo hilo lilibandikwa na Mwenyekiti wa hesabu hiyo mwenyewe, Lorne Pettigrew, kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa la Ferrow, kusini mwa Ontario, ambako kila Desemba watu wazima wenye akili zao huamka alfajiri, huvaa soksi mbili mbili na kwenda kuhesabu ndege kwa kujitolea. Lorne hakuona ubaya wowote. Kujitolea kusiposimamiwa, alisema, hugeuka starehe.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na ndege mmoja aliyemnyima usingizi: kunguru wa kijivu wa kaskazini, mdogo, mdokozi, asiyeogopa watu, ambaye ni nadra sana kushuka hadi Ferrow. Lorne alikuwa ameona ndege wote wa wilaya isipokuwa huyo. Haikumwingia akilini kwamba mtu mwingine angemtangulia, hivyo kila taarifa ya kunguru huyo aliikataa, kwa manufaa ya sayansi.

Aliyekataliwa kuliko wote ni Bi Verna Koop, mjane aliyemjua Lorne tangu akiwa na kamasi.

"Kaja tena jana," Bi Verna alisema. "Kanidokolea mkate."

"Alikuwa umbali gani?"

"Alikuwa mkononi mwangu, Lorne."

"Karibu mno. Mtu akiwa karibu hivyo huingiwa na hisia."

"Na picha niliyompiga je?"

"Picha haili kiapo, Bi Verna."

"Haya. Basi siku ya hesabu njoo umkatae mbele yake."

Lorne alikwenda, pamoja na katibu wake Gilles Charbonneau na kundi zima la wahesabuji. Walisimama na Bi Verna nyuma ya nyumba yake, theluji magotini, huku supu ya njegere ikichemka jikoni na kufunika dirisha kwa mvuke. Lorne, ndani ya kofia ya manyoya aliyoachiwa na babake, aliwageukia akaanza kuwaeleza misingi ya ushahidi. Katikati ya maelezo aligundua kwamba wote wamenyamaza. Aliona ni heshima, akaongeza sauti.

Kisha Gilles akanyanyua darubini na kumwelekezea kwenye paji la uso, akiwa hatua mbili tu mbele yake.

"Mwenyekiti," alinong'ona, "usitikisike."

"Kuna nini?"

"Yupo."

"Wapi?"

"Kwenye kofia."

Hapo Lorne akahisi vijiguu vikikanyaga utosini. Aliinua macho mpaka yakamuuma, akaona nyusi zake. Akaligeukia dirisha la jikoni taratibu, apate japo kivuli. Lilikuwa jeupe kwa mvuke.

"Bi Verna, futa dirisha."

"Siwezi kusogea, mwanangu. Nitamshtua."

"Basi nielezeni."

"Paji jeupe," alisema Gilles.

"Kisogo cheusi," alisema mwingine.

"Katulia kama yuko kwa shangazi yake. Sasa ananyonyoa manyoya ya kofia," alisema Bi Verna. "Ana macho mazuri, maskini."

Kunguru alibeba fungu la manyoya, akaondokea upande wa kisogoni. Lorne aligeuka kwa kasi hata akaanguka kifudifudi kwenye theluji. Alipoinuka, mbingu ilikuwa tupu.

Jioni, ukumbini, watu walikunywa supu huku majina ya ndege yakisomwa na kila aliyemwona ndege akinyoosha mkono. Tangazo la mlangoni lilikuwa limekwisha kubanduliwa. Gilles alisema anayetaka kumkataa kunguru huyu amkatae mbele ya Bi Verna, na hakujitokeza mtu. Jina liliposomwa, mikono ilipanda kila meza, hata wa mchungaji, aliyekuwa amepita tu uani kuazima sepetu. Bi Verna alinyoosha yote miwili. Mkono wa Lorne ulibaki na kijiko. Aliumia, tena sana.

"Gilles," alisema kwa sauti ya chini, "angalau jina langu lionekane kwenye taarifa. Na mimi nilikuwepo."

"Limo, Mwenyekiti," alisema Gilles. "Pale wanapouliza alitua kwenye mti gani."